Sake: Kufuga mbwa mdogo kati ya vita, mazuku na kichaa cha mbwa

Sake ni mji mdogo wa njia panda. Kilometa karibu 25 magharibi ya Goma, barabara inagawanyika: moja inapanda kuelekea Masisi-Centre, nyingine inaenda Kitshanga, nyingine inafuata ziwa Kivu kuelekea Minova na Bukavu. Kwa sababu hiyo vita vya Masisi haviachi kupita Sake, na kila mara wakaaji wanapokimbia wanapaswa kuchagua cha kubeba. Watoto kwanza, kisha godoro, sufuria, bido ya maji na kiloba cha unga. Mbwa mara nyingi anabaki.

Kwa jamaa zenye mbwa mkubwa wa kulinda lango, mambo yanaishia hapo: mnyama anafunguliwa kamba na kuachwa ajitafutie. Kwa wale wanaofuga mbwa mdogo wa ndani, wa kilo tano ao sita, ni vigumu zaidi, kwa kuwa yeye anaweza kuingia katika mfuko na kubebwa mgongoni. Mbwa wa namna hiyo si mlinzi tu. Anacheza na watoto, anafukuza panya, analala karibu na moto. Lakini anahitaji chanjo, chakula kinachomfaa na macho ya kumwangalia kila siku, katika mji ambamo hata watu wanakosa hayo.

Mbwa wa udongo

Jina terrier linatoka katika Kifaransa, na msomaji wa Kongo analielewa kwa urahisi: terre ni udongo, na terrier ni shimo la mnyama. Mbwa hao walikuzwa Uingereza ili waingie ndani ya mashimo na kuwatoa mbweha, sungura na panya. Anayejulikana sana, Jack Russell, ana jina la padri wa Kianglikana, John Russell, aliyeanza kuzalisha ukoo huo baada ya kununua mbwa jike mwaka wa 1819 huko Oxford. Ana urefu wa sentimeta 25 hadi 30 begani, na uzito wa kilo tano ao sita. Yorkshire terrier ni mdogo zaidi, hapiti kilo tatu na kidogo. Wakitunzwa vizuri, mbwa hao wanaishi miaka 12 hadi 16.

Wakongomani wengi walimwona terrier kwanza kwenye karatasi. Milou, mbwa mweupe wa Tintin, ni fox terrier, na alichorwa akitembea Kongo katika hadithi iliyotoka gazetini Ubelgiji mwaka wa 1930 na 1931. Mchoraji wake, Hergé, hakuwa amekanyaga Kongo hata siku moja, na namna alivyowachora Wakongomani inaendelea kulaumiwa mpaka leo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui: Kongo nayo ilikuwa na mbwa aliyeitwa terrier. Mwaka wa 1895, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts mjini London, wageni walionyeshwa mbwa wawili wadogo kutoka Afrika ya kati, na wengine wakawaita Congo Terrier. Siku hizi ukoo huo unajulikana kwa jina la basenji, neno lililo karibu sana na washenzi la Kiswahili, maana wageni waliambiwa kwamba ni mbwa wa watu wa vijijini. Katika misitu ya Ituri na kwingineko, wawindaji wanamfunga kengele ya mti shingoni, kwa sababu habweki kama mbwa wengine. Wakati wa kufukuza mnyama msituni, kengele ndiyo inayosema mbwa yuko wapi.

Mbwa wale wawili wa mwaka wa 1895 hawakudumu. Walikufa muda mfupi baadaye kwa ugonjwa wa Carré, ugonjwa uleule unaoua watoto wa mbwa Kivu leo: homa, makamasi, kuhara, kisha kutetemeka. Siku hizi chanjo yake ipo, na mtoto wa mbwa anaanza kuipata akiwa na wiki sita hadi nane, pamoja na ile ya parvo, kisha anarudiliwa mpaka afikishe wiki 16. Asiyechanjwa anaweza kufa kwa siku chache tu, na watu wa nyumba wakadhani amepewa sumu.

Pua yake iko karibu na mazuku

Hatari ya kwanza kwa mbwa mdogo wa Sake haiko Uingereza wala Kinshasa. Iko chini ya miguu yake. Kati ya Goma na Sake, hasa pembeni ya ziwa na katika mabonde madogo ya mawe ya volkano, gazi kaboni inatoka katika mipasuko ya udongo. Wakaaji wanaiita mazuku. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo haipandi juu. Inajaa katika mashimo na mitaro kama vile maji yanavyojaa katika beseni.

Mtu mzima anaweza kusimama katika nafasi ya namna hiyo na kichwa chake kikabaki katika hewa nzuri. Mtoto anayetambaa, mbuzi anayekula majani na mbwa mwenye urefu wa sentimeta 25 hawana bahati hiyo. Pua zao ziko ndani ya gazi. Terrier anaongeza hatari kwa tabia yake mwenyewe: akisikia panya, anachimba na kuingiza kichwa shimoni.

Jambo hilo si la Kivu tu. Karibu na Napoli, nchini Italia, kuna pango linaloitwa Pango la Mbwa. Kwa miaka mingi waongozaji wa wageni walikuwa wanaingiza mbwa humo ili kuonyesha nguvu ya gazi: mtu alisimama bila shida, lakini mbwa wake alizimia miguuni pake, kisha akatolewa nje na kutiwa katika maji ya ziwa lililokuwa karibu ili azinduke. Yale waliyofanya kwa kufurahisha wageni, wakaaji wa Sake na Mugunga wanayaona bila kuyatafuta, wanapokuta ndege, mijusi ao panya waliokufa katika shimo moja bila kidonda.

Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya mazuku na kutambulisha nafasi zake. Kwa mwenye mbwa, mambo ya kufuata ni machache. Gazi inajaa zaidi usiku na asubuhi mapema, kabla ya jua na upepo kuitawanya, kwa hiyo mbwa asitembezwe saa hizo katika mabonde ya mawe. Afungwe kamba kila mara anapopita pembeni ya ziwa. Asichimbiwe kibanda katika shimo, hata kama shimo linakinga mvua. Zaidi ya yote, mbwa akianguka ndani ya mazuku, mtu asiiname kumchukua wala asimtume mtoto. Kamba ya shingoni inafaa hapo: anavutwa kutoka juu, na mvutaji anabaki wima, nje ya shimo.

Kichaa cha mbwa: ugonjwa usiosamehe

Hatari ya pili haiko kwa mbwa peke yake, inaingia katika nyumba nzima. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, wengi sana kati yao Afrika na Asia. Katika visa vya watu, 99 kwa mia vinatoka kwa mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 40 kwa mia ni watoto wasiofikisha miaka 15. Ugonjwa ukianza kuonekana kwa mgonjwa, karibu hakuna anayepona.

Vita vinapofukuza watu, mbwa wanaobaki wanaungana katika makundi, wanazaliana na kuumana. Mbwa mdogo wa nyumbani anayetoka nje na kukutana nao anaweza kuumwa mchana, na jioni akalala kitandani na watoto. Ndiyo maana chanjo yake si anasa. Inatolewa mara ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha inarudiliwa kufuatana na maagizo ya muganga wa wanyama, mara nyingi kila mwaka. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 kwa mia wakichanjwa katika eneo moja, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa.

Katika Masisi, shida ni friji. Chanjo inapaswa kubaki katika baridi ya digrii 2 hadi 8, tangu inapotoka kiwandani mpaka inapoingia katika sindano. Umeme unakatika, barabara zinafungwa, na tangu mwisho wa Januari 2025 ndege za kawaida hazikutua tena Goma baada ya uwanja wa ndege kufungwa. Chupa iliyopata joto haionyeshi dalili yoyote: maji yake ni yaleyale, lakini nguvu yake imepotea. Anayechanjisha mbwa ana haki ya kumuuliza muganga chanjo ilihifadhiwa wapi, na kuomba kartia yenye tarehe, jina la chanjo na sahihi.

Mtu akiumwa, hata na mbwa wa nyumbani aliyechanjwa, kazi ya kwanza haihitaji feza nyingi. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili. Kisifungwe kwa majani, kisipakwe majivu, mafuta ya gari wala jiwe jeusi. Kisha mgonjwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo, ambako muganga ataamua juu ya sindano na tarehe zake. Kusubiri kuona kama mtu ataugua ni kosa linaloua, kwa sababu ugonjwa unaweza kukaa miezi miwili ao mitatu bila kuonekana, na wakati mwingine mwaka mzima. Mbwa mwenyewe, kama anajulikana na ni mzima, afungwe na kuangaliwa kwa siku kumi. Kumuua mara moja na kumtupa kunaondoa nafasi ya kujua ukweli.

Dawa hiyo imekuwepo kwa muda mrefu. Tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alimchanjisha kijana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na kijana akapona. Siku ya kifo cha Pasteur, tarehe 28 Septemba, ndiyo siku ya dunia ya kupigana na kichaa cha mbwa. Miaka zaidi ya 140 imepita tangu sindano ile. Wanaoendelea kufa ni wale ambao chanjo haikuwafikia.

Sambaza ndiyo, makayabu hapana

Chakula cha mbwa cha kopo kinapatikana kwa shida Goma, na bei yake haiwezi kulipwa na jamaa nyingi za Sake. Si lazima. Mbwa wa kilo tano anaweza kuishi vizuri kwa bugali ya mahindi ao mchele, ikichanganywa na sambaza za ziwa, vichwa vya samaki vilivyochemshwa, yai mara mojamoja ao matumbo ya mnyama yaliyopikwa. Muhimu ni kwamba chakula kisiwe bugali peke yake. Mbwa anayekula unga tu anashiba, lakini nywele zinadondoka na misuli inakwisha.

Kuna vyakula vya mezani ambavyo havimfai. Makayabu yana chumvi nyingi kupita kiasi kwa mwili mdogo. Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa, kwa hiyo mchuzi na sombe iliyoungwa visimwagwe katika sahani yake. Maganda ya muhogo mchungu yana sumu kabla ya kulowekwa na kupikwa. Mfupa wa kuku uliopikwa unavunjika kama sindano na unaweza kutoboa tumbo. Chokoleti nayo ni sumu kwake, na kipande kidogo kinachomfanya mbwa mkubwa atapike kinaweza kumuua mdogo.

Sumu ya panya ni hatari nyingine. Watu wanaoweka akiba ya mahindi na maharage wanaitumia, nao hawakosei kutaka kulinda chakula chao. Lakini terrier anayekula panya aliyekula sumu anaweza kuanza kutoka damu siku chache baadaye. Nyumba moja inachagua: ama sumu, ama mbwa anayewinda panya. Vyote viwili pamoja haviwezekani. Ni vizuri pia kuongea na jirani kabla hajaweka sumu yake kwenye ukuta mnaoshirikiana.

Baridi, mawe na funza

Ziwa Kivu liko metre karibu 1,460 juu ya bahari, na usiku wa mvua huko Sake ni wa baridi. Mbwa mdogo mwenye nywele fupi anapoteza joto upesi kuliko mbwa mkubwa. Kiloba kikavu chenye majani ya migomba ao kipande cha blanketi, juu ya ubao usiogusa udongo, kinatosha. Ubao huo una faida ya pili: unamwinua kidogo kutoka sakafuni, pahali gazi na unyevu vinapokaa.

Mawe nayo yana mambo yake. Lava ya Nyamulagira iliyotoka mwaka wa 1938 hadi 1940 ilishuka mpaka ziwani karibu na Sake, na sehemu nyingi za eneo hilo bado ni mawe makali. Nyayo za mbwa zinakatika. Zikaguliwe jioni, zioshwe kwa maji na chumvi kidogo, na wakati huohuo mwenye mbwa atafute funza kati ya vidole, kupe nyuma ya masikio na viroboto tumboni. Funza wa mbwa ni funza wa watoto pia, maana wanatoka katika vumbi lilelile la nyumba. Kwa minyoo, dawa kila miezi mitatu ni kawaida nzuri, na mavi ya mbwa yazikwe mbali na pahali watoto wanapocheza.

Wakati wa kukimbia, na wakati wa kurudi

Sake imejua pande zote mbili za kukimbia. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, wakuu wa jimbo waliagiza sehemu kubwa ya Goma iondoke, na makumi ya maelfu ya watu wakaingia Sake kwa miguu, kwa moto na kwa magari. Februari 2024 ilikuwa zamu ya Sake: mapigano kati ya jeshi na M23 yaliwasukuma wakaaji kuelekea kambi za Goma. Januari 2025 M23 iliuchukua mji, siku chache kabla ya Goma. Mwezi uliofuata kambi zilivunjwa, na wengi wakarudi katika nyumba zisizo na manjanja wala milango.

Mbwa anasikia sauti ambazo mtu hasikii, na mlio wa bomu unamtia hofu kubwa. Wengi wanakimbia bila kujua wanakoenda. Kwa hiyo mlio wa kwanza ukisikika, mbwa mdogo afungwe ndani, karibu na mtu anayemjua. Asipigwe kwa sababu analia. Anayetaka kuondoka naye atayarishe mapema mfuko wa kitambaa wenye matundu ya hewa, kamba, chupa ya maji na kartia ya chanjo. Mfuko huo usichukue nafasi ya dawa za mtoto wala ya chakula cha mzee. Kama mikono haitoshi, ni heri kumwacha amefunguliwa, na maji karibu, kuliko kumwacha amefungwa mlangoni.

Wakati wa kurudi, hatari inabadilika. Mabomu yasiyolipuka yalibaki katika mashamba na nyumba za Sake, na terrier anapenda kuchimba ao kuleta nyumbani kitu alichokiokota. Miezi ya kwanza asiachwe bila kamba, na watoto wafundishwe kutomfuata mbwa anapoingia majanini. Kitu cha chuma kisichojulikana hakiguswi. Kinaonyeshwa kwa alama na kutangazwa kwa wakubwa wa mtaa.

Mbwa aliyebaki peke yake kwa miezi naye anarudi amebadilika. Anaweza kumtambua mwenye nyumba na kutikisa mkia, lakini hakuna anayejua aliumana na nani. Asikumbatiwe siku hiyo. Afungwe pembeni, apewe chakula, apelekwe kwa muganga na kuchanjwa tena kabla ya kuingia ndani.

Je, inafaa?

Jirani anayeuliza kwa nini mbwa anakula samaki wakati watoto wa mtaa wana njaa hana ubaya moyoni. Mtu asiye na uwezo wa kumchanjisha mbwa afadhali asimchukue, hata akipewa bure, kwa maana mbwa asiyechanjwa analipiwa baadaye na mtoto wa jirani.

Kwa anayeweza, hesabu si kubwa kama inavyodhaniwa: chakula kidogo cha mezani, dawa ya minyoo mara nne kwa mwaka, chanjo, kamba na dakika kumi za kumkagua jioni. Anachopata ni panya wachache katika ghala, sauti ya kuamsha nyumba usiku, na kiumbe kinachowafanya watoto waliotoka kambini wacheke. Anayetaka kuanza wiki hii aanze na mambo mawili: kamba shingoni, na kumuuliza muganga wa wanyama wa karibu ni siku gani chanjo iliyohifadhiwa katika friji itafika.